Ukurasa wa 12: wadogo zangu mnaoandika viongozi wa kubuni

Wadogo zangu, juzi nilikaa nanyi pale ufukweni Bagamoyo, maji yanakupwa, mkisoma mswada wa tamthilia yenu kuhusu kiongozi wa serikali wa nchi ya kubuni. Kurasa 11 za utoto wake: mbuzi, mwembe, mama anauza vitumbua. Ukurasa wa 12: "Akawa Waziri Mkuu." Akawaje? Nikawauliza, mkatazamana. Nawapenda, lakini hili nimeshalisema hadi koo limekauka.

1. Amueni kiti chake kinatoka kwa nani. Kwetu Tanzania, kwa Katiba ya 1977, Rais ndiye Mkuu wa Nchi na Kiongozi wa Serikali. Waziri Mkuu anateuliwa naye kutoka kwa wabunge wa majimbo, kisha Bunge linamthibitisha. Uingereza, Waziri Mkuu mwenyewe ndiye anayeongoza serikali. Nchi yenu ni ya kubuni, chagueni mtakalo, ila mkishachagua msibadilishe njiani.

2. Msimuulize mwigizaji maswali ambayo mswada haujayajibu. Hapa nina deni.

Tamthilia yangu ya kwanza, Waziri Mkuu alichaguliwa kwa kura za wananchi wote, umati ukambeba mabegani. Onyesho la nne, Rais anamwondoa kwa barua ya mistari miwili. Naye anatii, anakunja koti lake taratibu, anatoka. Lile koti nililipenda mno. Mazoezini kijana aliyeshika nafasi hiyo aliniuliza mara mbili: "Kaka, mbona siwaendei walionichagua?" Nikamwambia ashike maneno yake.

Siku yenyewe, kwenye mjadala baada ya onyesho, mzee mmoja mwenye kanzu na bakora akasimama. "Mwanangu, kiti ulipewa na watu. Huyu wa barua alikupa nini hata akunyang'anye?" Kijana akashikwa na kigugumizi, jasho limelowanisha koti la maleba mpaka mgongoni. Akanitazama. Nami, mbele ya wote, nikasema hakuielewa nafasi yake.

Nilisema hivyo. Kosa la kalamu yangu nikamtwisha mtu aliyekwisha kunionya. Mazoezini hakurudi tena. Miezi ikapita ndipo nikaenda kwao, nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Alinisamehe, nikakaribishwa chai, lakini jukwaa alikuwa ameshaliacha, na sauti ile sijaipata kwa mwingine. Siku hizi mwigizaji akiniambia "mbona", naweka kalamu chini, tunakaa mkekani mpaka tuelewane.

3. Mpeni kazi za siku: faili, wageni, maswali bungeni. Hotuba moja yatosha.

4. Kuondoka kwake kuandikeni kwa uzito. Januari 1962, wiki 6 tu baada ya uhuru, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu wa Tanganyika, Kawawa akashika nafasi, Nyerere mwenyewe akaenda kukijenga chama chake, TANU. Mwaka huohuo, Desemba, akarudi akiwa Rais wa Jamhuri. Mtu kaachia kiti wenzake wakiwa bado wanashangilia bendera! Nyie wahusika wenu wote wanapinduliwa usiku kwa bunduki za mbao. Kwa nini asiondoke hata mmoja kwa miguu yake, mchana?

Jumamosi saa kumi nakuja. Utoto ukatwe ubaki kurasa 3, na ukurasa wa 12 nausoma kwanza. Yule binti anayemwigiza Waziri Mkuu akae karibu nami. Juzi alinyoosha mkono, hakuna aliyemwona.