Tiketi ya bei chee ya Kigoma hupanda bei kwenye mzani

Mara ya kwanza kutoka Kigoma kwenda Dar es Salaam kwa ndege, nililipa nauli mbili kwa safari moja. Ya kwanza nililipa kwa simu wiki sita kabla, nikatamba kwa ndugu zangu kwamba basi na treni nimeviaga. Ya pili nililipa kaunta, nimechuchumaa sakafuni napangua begi mbele ya foleni nzima, kidumu cha mawese cha lita tano kimesimama pembeni kama shahidi wa upande wa mashtaka.

“Dada, umezidi kilo tisa,” yule kijana wa mzani akasema, kwa upole tu.

Kosa lilikuwa langu. Nilikata tiketi ya daraja la chini kabisa, nikasoma bei, sikusoma kilo. Waliotuzoesha nauli za namna hii Tanzania ni kampuni ya ndege ya fastjet, walioanza Novemba 2012 na kusimama mwishoni mwa 2018: kiti bei yake, begi bei yake. Wenzetu wa Mwanza na Kilimanjaro walifaidi. Sisi wa mwisho wa reli tuliishia kuwasikia redioni, ndiyo maana somo la begi lilinikuta ukubwani.

Sasa fikiria mtu wa Kigoma anavyosafiri. Lita tano za mawese peke yake zinakaribia kilo nne na nusu. Weka migebuka mikavu, dagaa, maharage ya Kasulu, na unga wa muhogo wa shangazi anayeishi Tabata ambaye hataki kuamini kwamba Dar unapatikana. Hujaweka hata gauni. Kwa hiyo kabla hujashangilia tiketi, pima mzigo nyumbani. Mzani wa duka la mtaani unatosha, muuzaji hatakukatalia. Kisha linganisha: nauli ya chini ukiongeza malipo ya kilo zilizozidi, na nauli ya juu kidogo yenye begi ndani yake. Mimi mara nyingi nimekuta ya pili ndiyo nafuu. Kilo zinazolipiwa kaunta ndizo zinazouma zaidi, maana pale huna ujanja, ndege inaondoka.

Na wale wa mzani msiwanunie. Ndege inayokuja kwetu mara nyingi ni pangaboi, yaani ya mapanga, na Bombardier ya Q400 tuliyoizoea ina viti 76. Uzito wote unapigiwa hesabu kabla ya kuruka. Jua likiwaka hewa inakuwa nyepesi, injini na mabawa vinafanya kazi ngumu zaidi, na Kigoma wenyewe tuko karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari ingawa tunakaa ziwani. Uzito ukizidi, kinachobaki nyuma kwa kawaida ni mizigo. Dawa, chaja na nguo ya kesho viwe kwenye begi la mkononi. Pawabenki pia, hiyo hairuhusiwi kwenye mzigo wa chini. Begi lenyewe liwe laini, kwa sababu makabati ya juu ya pangaboi ni madogo na sanduku gumu la magurudumu utanyang'anywa mlangoni.

Viti 76 vina maana nyingine: vya bei chee ni vichache na vinaisha mapema. Ukisubiri Desemba au shule zifunge, utalia. Ukishapewa namba ya malipo, lipa siku hiyohiyo, ukilala nayo nafasi inaachiwa mwingine.

Jina. Andika kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Majina yetu ya Kiha yana N na T zilizobanana mwanzoni, na wakala wa Kariakoo huzipunguza kwa huruma yake. Kigoma ni mpakani, Burundi na Kongo ziko jirani, kwa hiyo kitambulisho huangaliwa kwa macho mawili.

Angalia pia kama ndege yako inapitia Tabora. Ikipitia, wewe unabaki kitini, wengine wanashuka na wengine wanapanda, na muda unakwenda. Mwaka mmoja nilikuwa na harusi Mtwara, nikakata tiketi mbili tofauti kwa kampuni mbili tofauti, nafasi ya saa mbili katikati. Ya kwanza ikachelewa. Ya pili haikuwa na sababu ya kunisubiri, na pesa haikurudi. Bibi harusi ni mdogo wangu. Hadi leo ananionyesha picha ambazo simo. Kama unaunganisha, kata tiketi moja kwa safari yote, au lala Dar usiku mmoja.

Kuhusu kiti: kaa mbali na usawa wa panga, pale kelele zinatoboa masikio. Ukishaepuka hapo, dirisha chagua lolote, mabawa ya Q400 yako juu hivyo hayakuzibii chini.

Mzigo wa Kigoma sasa naupandisha basi. Jioni ya kabla ya safari napeleka stendi mawese na dagaa, dumu nimelifunga selotepu mdomoni na kulisimamisha ndani ya ndoo yenye mfuniko, jina na namba ya simu nimeandika kwa maka pen pande mbili. Nachukua risiti, napiga picha namba ya basi. Mimi natangulia kwa ndege, mzigo naufuata Mbezi, kituo cha Magufuli, ukifika.

Mama anaona ni dharau kwa mzigo wake. Bado hunisindikiza hadi uwanjani na kifurushi chini ya khanga, “kidogo tu, mwanangu, hiki hakina uzito.” Ndiyo sababu begi langu halitoki nyumbani bila nafasi ya kilo mbili.