Ukitaka Waziri Ajibu, Usianze na "Ni Lini"

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika Ibara ya 63(3)(a), inalipa Bunge mamlaka ya kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Mamlaka hayo ni mapana kuliko yanavyotumiwa. Kwa miaka niliyofanya kazi ya kumsaidia mbunge kuandaa maswali, ugumu haukuwa kupata la kuuliza, maana hakuna jimbo lisilo na shida. Ugumu ulikuwa kuliandika swali kwa namna ambayo haliwezi kujibiwa kwa maneno matupu. Ushauri huu nauelekeza kwa wasaidizi wa wabunge, kwa madiwani, na kwa wananchi wanaompelekea mbunge hoja zao wakitarajia zifike Dodoma.

Fungua Taarifa Rasmi ya Majadiliano ya Bunge, yaani Hansard, ya karibu kikao chochote na utakutana na swali la aina hii: "Je, ni lini Serikali itajenga kwa kiwango cha lami barabara ya kutoka mahali fulani hadi mahali fulani?" Jibu lake unaweza kuliandika mwenyewe kabla Naibu Waziri hajasimama. Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo, upembuzi yakinifu na usanifu wa kina unaendelea, na ujenzi utaanza kadri fedha zitakapopatikana. Hapo hakuna aliyedanganya, na hakuna aliyeahidi chochote anachoweza kudaiwa. Swali limeuliza habari za kesho, na kesho haina jalada wala saini ya mtu. Jana inavyo vyote viwili, na ndiyo sababu ninashikilia kwamba swali la maandishi lielekezwe kwanza kwa yale ambayo tayari yamefanyika, au yalipaswa kuwa yamefanyika.

Nichukue mradi wa maji wa kata moja, ambao sitautaja jina. Rasimu ya kwanza iliyotufikia kutoka kwa wananchi iliuliza ni lini mradi utakamilika. Tuliiweka kando, tukaandika hivi: mkataba wa ujenzi ulisainiwa tarehe gani, na mkandarasi alitakiwa kukabidhi kazi tarehe gani, hadi mwisho wa Desemba alikuwa amelipwa kiasi gani, na kwa hati ngapi za malipo, na kati ya vituo vya kuchotea maji vilivyomo kwenye mkataba, ni vingapi vinatoa maji leo. Hakuna tuhuma hata moja ndani ya swali hilo, wala neno la hasira. Lakini anayelijibu analazimika kufungua mkataba, kuhesabu hati za malipo, na kumtuma mtu kwenda kuangalia mabomba. Tarehe mbili za kwanza zikiwekwa pamoja na kiasi kilicholipwa, msomaji yeyote atajionea kama mradi umechelewa na kama fedha zimekwenda mbele ya kazi, bila mbunge kusema hivyo.

Inafaa kuelewa safari ya swali hilo baada ya kupokelewa. Ofisi ya Bunge hulipeleka wizarani. Wizara huliteremsha kwa taasisi inayohusika, ambayo kwa maji vijijini ni RUWASA na kwa barabara za wilaya ni TARURA. Kutoka huko hufika mezani kwa mhandisi wa wilaya au mkoa, ambaye ndiye hasa mwandishi wa kwanza wa jibu. Kisha rasimu hupanda ngazi moja baada ya nyingine, na katika kila ngazi kuna mtu anayejiuliza kama jina lake litaponea. Mara nyingi faida ya swali huanza kuonekana wakati huo, kabla ya jibu kusomwa. Katika mradi niliousimulia, mkandarasi ambaye kwa miezi hakuwa ameonekana saiti alirudi na vibarua wake wiki chache kabla ya Mkutano wa Bunge. Waziri aliposimama alieleza kwamba kazi inaendelea, na ilikuwa kweli inaendelea. Wapo waliolalamika kwamba Serikali ilikuwa imejiosha. Mimi sikuona ubaya wowote.

Swali la msingi, yaani lile lililopelekwa kwa maandishi, liandikwe likiwa jembamba kwa makusudi, kwa kuwa mbunge aliyeliuliza hupewa nafasi ya maswali mawili ya nyongeza, na hayo Waziri huyajibu papo hapo. Swali pana la msingi huzaa jibu pana, na jibu pana halina pa kulishikia. Swali lenye tarehe na kiasi huleta tarehe na kiasi, na hapo mbunge aliyejiandaa anajua la kusema: ikiwa fedha zililipwa mwezi ule, kwa nini tenki halijajengwa? Msaidizi aandae maswali ya nyongeza ya aina mbili au tatu kufuatana na majibu yanayotarajiwa, na ayaweke mkononi mwa mbunge asubuhi ile. Mbunge atayatanguliza, kama ilivyo ada, kwa kushukuru "majibu mazuri ya Mheshimiwa Naibu Waziri", hata kama majibu yenyewe hayakuwa na kitu. Adabu hiyo haina madhara, mradi isimsahaulishe alichokusudia kuuliza.

Nguvu ya swali dogo lenye saa na tarehe ilionekana vizuri sana Uingereza baada ya vita vyake na Argentina vya kugombea visiwa vya Falkland. Meli ya kivita ya Argentina, General Belgrano, ilizamishwa na nyambizi ya Uingereza tarehe 2 Mei 1982, na watu 323 wakafa. Bunge lilielezwa kwamba meli hiyo ilikuwa ikiukaribia msafara wa meli za Waingereza. Mbunge Tam Dalyell hakutosheka. Pamoja na kulaumu, aliuliza tena na tena mambo ya kuhesabika: meli ilionekana kwanza lini, ilikuwa ikielekea upande gani, amri ilibadilishwa lini na nani. Ilikuja kujulikana kwamba ilikuwa imeonekana mapema kuliko ilivyosemwa, na kwamba ilipopigwa ilikuwa ikienda mbali na msafara. Mwaka 1984 Clive Ponting, ofisa mwandamizi wa Wizara ya Ulinzi aliyekuwa akishughulikia majibu ya maswali hayo, alimpelekea Dalyell nyaraka mbili. Akashtakiwa kwa kutoa siri za Serikali, na jopo la wananchi mahakamani likamwachia huru Februari 1985. Swali la jumla kuhusu uhalali wa shambulio lingejibiwa kwa hotuba moja ya kizalendo. Swali kuhusu upande ambao meli ilielekea lilikuwa gumu kulimaliza kwa hotuba.

Usiulize, hata hivyo, kila kitu kwa mara moja. Huko Uingereza wizara inaweza kukataa swali la maandishi ikiwa kulijibu kutagharimu zaidi ya pauni 850, na kwetu swali linalotaka takwimu za nchi nzima kwa miaka mingi huishia kwenye jumla moja isiyomsaidia mtu. Ni afadhali wabunge wa majimbo kadhaa waulize swali lilelile, kwa maneno yaleyale, kila mmoja kwa wilaya yake. Majibu yakipangwa pamoja, picha ya taifa hujitokeza yenyewe.

Utakapokutana na kauli ya "kadri fedha zitakapopatikana", rudi kwenye bajeti. Fedha zilizoidhinishwa na Bunge ni jambo moja na zilizotolewa na Hazina ni jambo jingine. Swali linalotenganisha viwango hivyo viwili, kwa mradi mmoja na mwaka mmoja wa fedha, huondoa ukungu mwingi. Ripoti ya Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali, inayowasilishwa bungeni kila mwaka na ambayo kila mtu anaweza kuisoma, imejaa malighafi ya maswali ya namna hiyo.

Mwisho, weka daftari. Kila jibu liandikwe pamoja na namba ya swali, Mkutano, Kikao na tarehe, kisha ahadi yoyote yenye muda iwekewe alama. Muda ukipita, swali jipya lianze kwa kunukuu jibu la zamani kama lilivyo kwenye Hansard, bila kuongeza neno, na liulize ni nini kilichofanyika tangu siku hiyo. Uangalifu zaidi unahitajika pale Waziri anaposema kwamba taarifa kamili atampatia Mheshimiwa Mbunge baadaye. Taarifa hiyo isipokuja, au ikija kwa mdomo kwenye korido, haimo kwenye kumbukumbu yoyote na hakuna atakayeweza kuitumia. Mbunge amwandikie Waziri barua akitaja siku ambayo kauli hiyo ilitolewa, abaki na nakala, na Mkutano unaofuata swali lirudishwe likiwa na tarehe ya barua hiyo ndani yake.