Dada, naomba jina la chuo

Juzi kuna mdada kanitumia meseji, dada hongera kwa B1 (cheti cha Kijerumani cha ngazi ya kati), naomba unitajie chuo kizuri cha Kijerumani hapa Dar maana na mimi ni muuguzi nataka kwenda Ujerumani. Nimekaa na hiyo meseji siku mbili sijajibu. Sio dharau mdogo wangu, ni kwamba jibu lako sio jina la chuo, na nikikutajia chuo nikanyamaza nitakua nimekudanganya.

Mimi chuo nilisoma. Ada nililipa yote, miezi minane, natoka shifti ya usiku asubuhi naunga moja kwa moja darasani, na daftari langu lilikua zuri kuliko la mtu yeyote mule ndani, rangi nne, kila kichwa nimekipigia mstari kwa rula. Nikaenda kwenye mtihani nikapata kusoma 73, kuongea 66, kusikiliza 47, kuandika 41. Kila sehemu unatakiwa 60 kati ya 100, kwahiyo mbili zimepita mbili zimeanguka. Mwalimu mmoja akaniambia mbele ya wenzangu kwamba wauguzi hamnaga muda wa lugha, bora ubaki na sindano zako. Hilo neno ninalo mpaka leo.

Ila kilichoniuma zaidi ya hapo ni nilipokaa chini nikajiuliza nimekosea wapi, nikakuta sijui. Miezi minane nasoma na siwezi kukwambia udhaifu wangu ni upi! Mwalimu ndo alikua anajua leo tunasoma nini, mwalimu ndo anasema tumeelewa tusonge mbele, mimi kazi yangu kunakili. Ile kazi ya kujisimamia niliikabidhi pale dirishani pamoja na ada.

Bahati nzuri mtihani wa B1 wa Goethe, ile taasisi ya Ujerumani inayotoa mitihani ya Kijerumani, una sehemu nne na unaweza kurudia ile uliyofeli tu. Nikanunua kaunta buku moja, hakuna rangi wala rula, nikaiita daftari la makosa. Kila siku naandika barua pepe ya maneno 80 kama ile ya mtihani, naweka saa, dakika ishirini zikiisha naacha hata kama sijamaliza. Jumapili rafiki yangu ambae yuko Ujerumani ananisahihishia, alafu mimi nahamishia kwenye kaunta buku: nilivyoandika, inavyotakiwa, kwanini nimekosea.

Wiki ya tatu nikahesabu. Nilidhani nina makosa mia, kumbe ni manne tu yanajirudia, na kubwa lao ni weil, yaani "kwa sababu". Mimi naandika "Ich komme nicht, weil ich bin krank" kwa sababu kichwani nasema siji kwa sababu naumwa, kila neno linakaa pale pale. Mjerumani akishasema weil kitenzi anakipeleka mwisho kabisa, "weil ich krank bin". Sheria hii nilifundishwa darasani, imo kwenye lile daftari la rangi nne, imepigiwa mstari! Kuijua nilikua naijua, ila mkono ulikua hauijui. Basi maharage yakiwa jikoni nasimama pale naongea kwa sauti sentensi kumi za weil za maisha yangu mwenyewe, nimechoka kwa sababu nafanya kazi usiku, nimechelewa kwa sababu daladala imejaa, mpaka mtoto wa dada yangu akaanza kunifuatisha.

Kusikiliza nako nilikua najidanganya. Nilikua nacheza rekodi moja mara nane mpaka naielewa alafu nafurahi. Kwenye mtihani sehemu ya pili na ya tatu unasikia mara moja tu, imetoka imetoka. Nikabadilisha, nasikiliza mara moja, nazima, naandika nilichokamata, ndo naangalia majibu. Siku za mwanzo nilikua napata aibu tupu. Baadae nikaja kusoma kwamba mwaka 2006 watafiti wawili Wamarekani, Roediger na Karpicke, walipima kitu kinachofanana na hicho: waliorudia rudia kusoma walifanya vizuri walipopimwa baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliojilazimisha kukumbuka bila kuangalia ndo walikua mbele. Nilisimama na simu mkononi nikasema haya ndo maisha yangu ya chuo, dakika tano zile.

Miezi minne nikarudia. Kusikiliza 73, kuandika 70. Siku natoka kuangalia majibu nilipita njia ya pale chuoni makusudi, sikuingia, nilipita tu.

Sasa wewe unaetaka B1, au CPA ya uhasibu, au kurudia hesabu za form four, nisikilize. Acha kuhesabu masaa uliyokaa na kitabu, hayo hayana mtu wa kukulipa. Jipime kila siku bila kuangalia. Andika makosa yako, yahesabu, chukua lile linalojirudia zaidi ulifanyie kazi wiki nzima kabla hujagusa jingine. Wiki ikiisha jipime tena, kama bado lipo badilisha njia, usiongeze masaa kwenye njia ile ile iliyokushinda. Mwalimu mzuri ni baraka lakini hawezi kukuonea makosa ambayo wewe mwenyewe hutaki kuyatazama. Nasema kwa uchungu kwa sababu naona wadada wenye akili kuliko mimi wanahama chuo hadi chuo, wanalipa, wanafeli, wanahama.

Kwahiyo mdogo wangu, chuo nitakutajia. Ila kwanza andika leo barua ya maneno 80 kwa rafiki yako kumwelezea kwanini hukwenda kwenye birthday yake, kwa saa, bila kamusi, alafu nitumie kama ilivyo na makosa yake yote. Tutaanzia hapo.