Lala Chini: Nilivyojifunza Kupiga Picha za Uyoga kwa Karibu

Msimu wangu wa kwanza wa kupiga picha za uyoga nilirudi na picha zaidi ya mia mbili, na karibu zote zilikuwa za kofia tu. Duara la kahawia juu ya majani makavu, duara jeupe juu ya gogo, duara la njano. Nilizipiga nikiwa nimesimama, au nimeinama kidogo. Nilipomwonyesha mtu anayeujua uyoga kwa undani, aliniuliza maswali mawili: chini ya kofia kukoje, na shina limeingiaje ardhini? Katika picha zote zile sikuwa na hata moja ya kumjibu.

Tangu siku hiyo, kitu cha kwanza kuingia kwenye mkoba wangu ni kipande cha nailoni nene cha kulalia. Natandika, nalala kifudifudi, nashusha lenzi mpaka iwe sawa na ukingo wa kofia au chini yake kidogo. Ushauri huu nautanguliza mbele ya mwingine wote, hata ule wa kununua lenzi nzuri. Ukiwa chini, shina linaonekana, na vile vibamba vyembamba vilivyojipanga chini ya kofia kama kurasa za kitabu vinaanza kujitokeza. Nyuma ya uyoga nako kunabadilika: badala ya majani yaliyo sentimita 5 tu kutoka kwenye kofia, unapata kivuli cha msitu kilicho mita kadhaa mbele, nacho kinageuka kuwa rangi laini isiyoshindana na uyoga wako. Kama bado kuna kijiti cheupe kinachokera, sogea kushoto au kulia kwa upana wa kiganja. Mara nyingi kinajificha chenyewe.

Kamera nailaza juu ya mfuko mdogo wa kitambaa uliojazwa mchanga mkavu, kwa sababu stendi nyingi za miguu mitatu hazishuki kufikia hapo. Kitufe sikibonyezi na kupiga papo hapo. Naweka kamera isubiri sekunde 2, mtikisiko wa kidole uishe. Msituni mwanga ni mdogo, na kwa ISO 100 (kiwango cha chini cha wepesi wa kamera kwa mwanga) mara nyingi lenzi inabaki wazi nusu sekunde au zaidi. Kwa muda huo hata pumzi yako inaweza kuutikisa uyoga wenye shina jembamba. Upepo ukivuma, subiri. Huwa unatulia kidogo katikati ya mivumo miwili, na hapo ndipo pa kupiga.

Sasa tuje kwenye jambo linalowaumiza wengi: picha yenye ukungu pale pasipotakiwa. Kadiri unavyousogelea uyoga, ndivyo sehemu inayotoka safi inavyozidi kuwa nyembamba. Kwa lenzi ya kupigia karibu, ukipiga kitu kwa ukubwa wake halisi na tundu la lenzi la f/8 (namba ikikua, tundu hupungua) kwenye kamera yenye kihisi kikubwa, yaani sehemu inayopokea mwanga, sehemu hiyo ina unene wa kama milimita 1 tu. Fikiria kofia yenye upana wa sentimita 3 na wewe una milimita moja ya kugawa! Wengi hukimbilia f/22, tundu dogo linaloongeza unene huo, wakidhani wamepona. Mimi pia nilifanya hivyo kwa muda mrefu, nikawa nashangaa kwa nini picha nzima imelegea, haina makali popote. Tundu likibanwa mno, mwanga wenyewe unatawanyika unapopita, na vitu vidogo vinapoteza ncha zake. Siku hizi nakaa kati ya f/8 na f/11, nakubali kwamba si kila kitu kitatoka safi, nami ndiye ninayechagua kipi kitoke. Karibu kila mara nachagua ukingo wa kofia ulio karibu nami pamoja na vibamba vya mwanzo, kwa kuwa ndipo jicho la mtazamaji linapotua kwanza. Nazima ulengaji wa kamera, nakuza picha kwenye kioo mara 10, kisha nazungusha lenzi kwa mkono taratibu mpaka kibamba kimoja kikate kama wembe.

Ukitaka uyoga wote uwe safi kuanzia ukingo hadi nyuma, piga picha 10 hadi 20 bila kugusa kamera, kila moja ukisogeza ulengaji kidogo sana, halafu uziunganishe kwa programu kama Helicon Focus au Zerene Stacker. Kazi hii inadai utulivu kamili. Jani likitikisika katikati, linatokea mara mbili.

Kuhusu mwanga, jua kali ni adui. Linapenya matawini kwa madoadoa, kofia inaungua nyeupe na chini yake panabaki giza tupu. Siku ya mawingu ndiyo siku yako. Kama jua limetoka, mwombe mwenzako asimame likimgonga mgongoni, au tanda kitambaa cheupe juu ya uyoga. Halafu washa chini ya kofia: chukua karatasi ya alumini, ikunjekunje, ikunjue, ibandike kwenye kipande cha katoni cha ukubwa wa daftari, na uiweke ardhini mbele ya uyoga, nje ya picha. Iinamishe polepole huku ukitazama kioo. Utaona giza la chini ya kofia likifunguka, kibamba kimoja baada ya kingine, na hiyo kwangu ndiyo furaha kubwa ya kazi hii yote.

Uyoga mweupe una shida yake. Kamera ikiona msitu mweusi huangaza picha nzima, na kofia inapotea. Punguza mwanga kwa hatua moja (-1 kwenye kamera).

Wenye simu, msiisogeze simu hadi ikaribie kuugusa uyoga. Kivuli chake ndicho kitakachoharibu picha. Rudi nyuma kidogo, tumia lenzi ya kukuza, gusa na ushikilie ukingo wa kofia kwenye kioo mpaka ulengaji ujifunge, kisha shusha mwanga kwa kidole.

Kabla ya kupiga, ondoa uchafu kwa brashi laini na ulaze nyasi pembeni badala ya kuzikata. Usiung'oe uyoga ili upate picha. Ukimaliza, rudisha majani ulikoyatoa, maana nyuzi zinazouzaa uyoga zinaishi humo chini na zinahitaji unyevu.

Na kila uyoga mpige picha tatu za ziada hata kama si za kupendeza: chini ya kofia, shina zima, na kitako chake baada ya kufukua majani kidogo. Amanita phalloides, uyoga unaoua watu, una kifuko kwenye kitako kinachojificha ardhini. Picha ya kofia pekee haiwezi kukuonyesha. Ukiwa na picha hizo anayejua atakusaidia kukisia jina, lakini usile uyoga wowote kwa sababu ya jina lililotoka kwenye picha. Harufu, rangi ya vumbi la mbegu zake na jinsi unavyobadilika ukikatwa, havionekani humo.