Raha za masika zisizongoja Jumamosi

Aprili hapa Kisumu kazi haingoji mvua iishe. Bosi anadai ripoti za robo ya kwanza, watoto wamefunga shule na mkate haumalizi siku mbili, na jioni wingu zito linashuka kutoka upande wa milima ya Nandi wakati uleule unapotoka kazini. Ukisema utapumzika Jumamosi, Jumamosi ina matanga, ina kikao cha chama cha akiba, na ina nguo zilizokataa kukauka tangu Jumanne.

Ndiyo maana nashauri raha ziwekwe katikati ya wiki, tena kwenye njia unayopita kila siku. Ile inayohitaji kikundi cha WhatsApp na mweka hazina, hiyo ni harambee.

Mimi huanzia kwa mama mboga. Masika mboga za kienyeji zinajaa: osuga (mnavu), dek, apoth, mito, na bei inalegea. Jumatatu nikishuka matatu nachukua osuga, mama ananichambulia huku akinipa habari za mtaa, maana yeye hujua kila kitu. Nyumbani naichemsha, namwaga yale maji machungu, natia maziwa na kuiacha ichemke polepole. Jumanne naipasha na kuongeza maziwa. Ikifika Jumatano uchungu umelainika, maziwa yameshikana na majani mpaka mchuzi umekuwa mzito, na kilichobaki ni kusonga ugali tu. Siku ngumu kuliko zote za wiki, na chakula kitamu kuliko vyote kinanisubiri. Anayekula osuga siku ileile aliyoipika anajinyima, ingawa najua watu wa dania na nyanya watanibishia.

Halafu kuna kumbikumbi. Mvua kubwa ikinyesha na kukatika, chungulia taa ya nje. Wakianza kuizunguka, zima taa nyingine zote, weka beseni la maji chini ya hiyo moja, uwaite watoto. Kumbikumbi hufuata mwanga unaong'aa majini, wanatumbukia wenyewe. Kwetu usiku huo hakuna anayeulizia televisheni. Baadaye unawachuja, unawamwaga kwenye kikaango kikavu bila mafuta, kwa sababu wana mafuta yao ya kutosha. Koroga bila kuacha. Kwanza utasikia mvuke, kisha mlio mwembamba wa kukauka, na harufu kama ya karanga itajaa nyumba nzima. Hapo nyunyiza chumvi, epua, wakipoa uwapepete kwenye ungo mabawa yapeperuke. Fanya hivyo nje, la sivyo utayaokota mabawa kwenye makochi hadi Juni. Wanaobaki, kama watabaki, waanike juani, kisha wafunge kwenye karatasi uende nao kazini. Saa kumi, chai ya maziwa na kumbikumbi wachache mezani, hata ile barua pepe ya mteja msumbufu unaijibu kwa heshima.

Wala sisemi mvua ni raha kwa kila mtu. Wenzetu wa nyanda za Nyando na sehemu za Nyalenda huilalia macho, wakihofia maji kuingia ndani. Kama una jirani wa huko, usiku wa mvua kubwa mpigie simu kabla hujaweka beseni.

Kutembea nako kunasaidia, mvua ikiruhusu. Jua la huku huzama dakika chache baada ya la Nairobi kwa kuwa tuko magharibi zaidi. Aprili linazama karibu saa moja kasoro robo. Ukitoka kazini saa kumi na moja unawahi Ziwa Victoria kukiwa bado kweupe. Baada ya mvua vumbi limekwisha hewani, na kule ufukweni Dunga mafunjo yameoshwa yakawa kijani cha kweli. Simu iache mfukoni. Picha za machweo unazo tayari, na hujawahi kuziangalia tena.

Ukitaka kula hukohuko, agiza ngege kwanza ndipo utafute pa kukaa, kwani samaki mzima wa kukaanga huchukua muda na giza halimngoji. Nenda Alhamisi. Ijumaa meza zinajaa, muziki unapandishwa, na tuktuk za kurudi mjini zinapandisha bei.