Usianzie kisimani: kwa unayeingia kwenye kazi ya maji ya ardhini

Nilipoanza kazi hii, macho yangu yote yalikuwa kisimani: kina chake, pampu inavuta lita ngapi kwa saa, maji ni matamu au ya chumvi. Ilinichukua muda mrefu kugeuka na kutazama kule mvua inakoingilia. Wewe unayeingia sasa, anzia huko.

Siku za kwanza uwandani, omba wakupe pete ya kupimia. Ni duara la chuma, mfano wa ndoo iliyokatwa kitako. Unaligongea ardhini sentimita chache, unamimina maji, unatazama saa. Pima mahali pawili palipo karibu: chini ya kichaka, kisha kwenye njia ya watu na mifugo. Udongo ni ule ule. Kwenye kichaka maji huzama hata hujamaliza kuandika saa ya kuanzia, maana mizizi na mchwa wameshaufungua udongo. Njiani yanatuama, unaona mawingu ndani yake, na ukirudi baada ya chakula cha mchana bado yapo. Sijaona somo linalofundisha haraka kuliko hilo.

Sehemu kubwa ya mvua hurudi hewani, nyingine hunywewa na mimea, nyingine hutiririka kwenda mtoni. Inayobaki, udongo wenyewe ukishashiba, ndiyo inayoteremka hadi kwenye akwifa, yaani tabaka la mchanga, changarawe au mwamba wenye nyufa linaloweza kushika maji na kuyaachia. Kwenye maeneo makavu, kinachofika huko kinaweza kuwa chini ya asilimia 5 ya mvua ya mwaka. Usikidharau kiasi hicho. Milimita 1 tu ikizama kwenye kilomita 1 ya mraba ni lita milioni 1. Kilomita 1 ya mraba inayozamisha milimita 50 kwa mwaka, ukiifunika kwa zege na lami na maji yote yakaishia mferejini, umejinyima lita milioni 50 kila mwaka.

Tena mvua hazilingani. Kwenye maeneo makavu manyunyu huishia juu, yakakaushwa na jua. Vipimo vya zaidi ya miaka 50 vya visima vya Makutupora, karibu na Dodoma, vinaonyesha kwamba akwifa ile hujazwa hasa na misimu michache yenye mvua kubwa kupita kawaida, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998, kisha maji hushuka polepole kwa miaka. Kwa hiyo bonde la mchanga linaloonekana kavu na halina kazi huenda linangoja msimu mmoja tu. Likijengwa kabla ya msimu huo, nafasi imepotea.

Wageni wengi hudhani udongo wenye matundu mengi ndio unaopitisha maji. Mfinyanzi unaweza kuwa na nafasi nyingi kuliko mchanga, lakini ni nafasi ndogo mno, maji yamo na hayatoki. Henry Darcy, mhandisi Mfaransa, alipopitisha maji kwenye nguzo za mchanga huko Dijon, akachapisha mwaka 1856 kanuni yake ya jinsi maji yanavyopita mchangani, alikuwa anapima upitishaji, si wingi wa matundu. Utaitumia kanuni hiyo kila wiki, nisikuchoshe nayo hapa.

Kosa langu la mwaka wa kwanza nalikumbuka hadi leo. Niliandika kwenye ripoti kwamba akwifa imejazwa, kwa kuwa siku moja baada ya mvua kubwa maji kisimani yalipanda karibu shibiri mbili. Mkubwa wangu aliniuliza swali moja: pampu ya jirani ilikuwa inafanya kazi? Haikuwa. Umeme ulikatika siku ile ile ya mvua. Maji hayakuongezeka, yalikuwa yanarudi mahali pake baada ya kuacha kuvutwa. Tangu hapo sigusi kisima kabla ya kuuliza habari za visima vya karibu, wala sitegemei kipimo kimoja. Pima kila wiki, saa ile ile, mwaka mzima, ndipo useme.

Kuhusu kulinda kisima na uchafu, jifunze kuuliza maji yanachukua siku ngapi kufika kisimani. Ujerumani huweka ukanda wa ulinzi kwa kipimo cha siku 50, muda ambao vijidudu vingi vya maradhi hufa njiani. Kwenye mchanga ukanda huo unaweza kuwa mdogo. Kwenye chokaa yenye mapango maji yanaweza kwenda kilomita nzima kwa siku, na hapo kipimo hicho hakikusaidii. Mafuta na naitreti, ile chumvi itokayo kwenye mbolea na vinyesi, havifi. Vikishaingia kwenye maji yanayosogea sentimita chache kwa siku, vinaweza kuchukua miaka mingi kujitokeza na mingi zaidi kuondoka.

Ukienda kuongea na wenye ardhi, nenda na ile pete. Maneno kuhusu tabaka wasiloliona hayawashiki, lakini wakiona maji yamezama miguuni pao wanaanza kuuliza wenyewe. Na ukiwa huko kagua visima vilivyoachwa. Kisima kisicho na mfuniko ni bomba linaloingiza uchafu moja kwa moja kwenye akwifa, bila udongo wa kuuchuja. Nikikikuta hivyo nakifunika kwanza kwa chochote kilichopo, napigia ofisi simu, kisha naendelea na vipimo.