Msanii huru, usikubali kuchagua kati ya intaneti huria na hakimiliki

Ukianza kushiriki mijadala ya sera za mtandao ukiwa msanii anayejitegemea, utakuta pande mbili zimeshakusubiri, na kila upande unakutaka uwe shahidi wake. Huku unaambiwa hakimiliki inaminya uhuru wa watu mtandaoni. Kule unaambiwa intaneti huria, yaani ile ambayo mtoa huduma habagui maudhui yanayopita kwake, ni kichaka cha wezi wa kazi zako. Naendesha lebo ndogo ya muziki, nimekaa kwenye vikao hivyo, na pamoja na wenzangu wa chama nimewaandikia maoni wasimamizi wa mawasiliano. Ushauri wangu ni mmoja: usikubali kuchagua. Dai vyote viwili, tena katika barua moja.

Watu wengi wanabishania kanuni ambazo hawajazisoma. Chukua zile za Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, za mwaka 2015. Zilimkataza mtoa huduma wa intaneti kuzuia maudhui, kuyabania kasi, au kupokea fedha ili kazi ya mwenye uwezo ipite mbele ya kazi za wengine. Lakini zililinda maudhui halali tu, na zilieleza wazi kuwa hazimzuii mtoa huduma kuchukua hatua za busara dhidi ya uvunjaji wa hakimiliki. Kwa hiyo mtu akikwambia kanuni za intaneti huria zinamlinda mwizi wa muziki, mwombe akuoneshe kifungu.

Tena, anayebana njia habagui. Mwaka 2007 ilibainika kuwa Comcast, kampuni ya Marekani inayotoa huduma ya intaneti, ilikuwa ikivuruga mawasiliano ya BitTorrent, njia ya watu kupeana mafaili moja kwa moja, kwenye mtandao wake. Waandishi wa shirika la habari la Associated Press walipojaribu kupitisha nakala ya Biblia ya King James, ambayo Marekani haina mwenye hakimiliki, nayo ikakwama. Sasa mfikirie msanii anayegawa albamu yake mwenyewe, kwa hiari yake, kupitia njia hiyohiyo. Yeye na mwizi wamefungiwa mlango mmoja, na hata hajui ni nani kaufunga.

Upendeleo mwingine huja kama zawadi. Mwaka 2014 T-Mobile ya Marekani iliwaruhusu wateja wake kusikiliza muziki bila kukatwa bando, ila kwa huduma zilizokuwa kwenye orodha yake tu. Msikilizaji anafurahi, na simlaumu hata kidogo. Lakini tovuti yako, ambako unauza nyimbo moja kwa moja na kupata barua pepe ya shabiki, inamla bando kila sekunde. Mfano huu ndio ninaoutumia kwenye vikao, kwa sababu unamwingia hata mjumbe asiyejua lolote kuhusu mitandao.

Kwenye hakimiliki nitakaa zaidi, maana ndiko wasanii wanakoumia kila siku. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998, DMCA, inaikinga huduma inayohifadhi kazi za watumiaji isiwajibike kwa wizi wao, mradi iondoe kazi iliyoibwa inapopokea notisi. Kwa maandishi inaonekana ni haki. Kwa vitendo, lebo kubwa ina watu wa kuandika notisi kutwa kucha, na wewe ndiye mtunzi, mhasibu na mwandishi wa barua. Faili uliloliondoa asubuhi linapandishwa tena jioni kwa jina jingine. Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ulijaribu kuuhamisha mzigo huo kupitia kifungu cha 17 cha maelekezo yake ya hakimiliki, kinachozitaka huduma kubwa za kuchapisha kazi za watumiaji zitafute ruhusa ya wenye haki. Naunga mkono mwelekeo huo, kwa sharti kwamba kazi halali isifungwe kwa makosa. Makosa hayo nimeyaona kwa macho yangu.

Wimbo wa msanii wetu ulifungiwa katika wiki ileile ulipotoka. Mdai alikuwa na wimbo wenye kipande kilekile cha gitaa. Wote wawili walikuwa wamekinunua kwa mtayarishaji mmoja, kwa leseni ambayo mtu yeyote angeweza kuinunua. Mashine inayokagua nyimbo kwenye huduma ilisikia sauti zinazofanana, ikahukumu. Tukapinga, mdai akashikilia na kutuma notisi rasmi, nasi tukajibu kwa pingamizi rasmi. Kilichotuokoa ni makaratasi: leseni yenye tarehe, faili za mradi zinazoonesha wimbo ulivyojengwa sauti baada ya sauti, na makubaliano ya mgawanyo wa haki yaliyosainiwa na kila aliyekuwa studio. Chini ya DMCA, huduma ikishapokea pingamizi inatakiwa kuirudisha kazi kati ya siku 10 na 14 za kazi, isipokuwa mdai amefungua kesi. Kwa wimbo mpya hizo ni siku nyingi mno. Ndiyo maana katika maoni yangu huwa nadai kazi iliyoibwa iondolewe haraka, na papo hapo nadai adhabu ya kweli kwa anayedai kisicho chake. Yakusanye makaratasi hayo wimbo ungali studio, kabla watu hawajatawanyika.

Ukija kuandika maoni, usinakili barua iliyoandaliwa na mtu mwingine. FCC ilipokuwa ikijiandaa kufuta kanuni zake mwaka 2017, ilipokea maoni zaidi ya milioni 22. Uchunguzi wa mwanasheria mkuu wa jimbo la New York, uliotolewa mwaka 2021, ulikuta karibu milioni 18 kati ya hayo yalikuwa ya uongo. Katika rundo kama hilo, barua inayofanana na nyingine ni kama haikuandikwa. Eleza safari ya wimbo mmoja: ulirekodiwa kwa fedha za nani, ulipita kwa msambazaji gani, ulisikilizwa wapi, ukaibwa wapi, na ulileta nini. Kisha omba jambo moja la wazi. Mimi huandika hivi: "Tunaomba kanuni ikataze kulipia kipaumbele, na itamke kwamba ulinzi huu hauhusu kazi zilizopandishwa bila ruhusa ya mwenye haki." Baada ya sentensi hiyo, hakuna upande unaoweza kukutumia dhidi ya mwingine.

Na pitia kwenye chama. Mwaka 2014 YouTube ilileta masharti ya huduma yake mpya ya muziki ya kulipia, na lebo huru zilizoyakataa zikakabiliwa na tishio la kazi zao kuzuiwa. Waliosimama hadharani ni WIN, mtandao wa kimataifa wa vyama vya lebo huru, na IMPALA ya Ulaya, ambayo ililifikisha suala hilo Tume ya Ulaya. Lebo moja moja zisingesikika.

Jiandae pia kurudia. Kanuni zile za 2015 zilifutwa Desemba 2017, zikarejeshwa mwaka 2024, na Januari 2025 mahakama ya rufaa ikazitupilia mbali, huku jimbo la California likiwa na sheria yake tangu 2018. Kila mara wajumbe ni wengine na hoja zinaanza upya. Kwa hiyo tunza nakala ya kila barua uliyotuma na kila jibu ulilopata, pamoja na anwani ya kila ukurasa uliokuwa na kazi yako iliyoibwa na tarehe uliyouona, kwa sababu kikao kijacho kitakuuliza ushahidi na kurasa zenyewe zitakuwa zimeshafutwa.